Mionzi kidogo haimaanishi ardhi baridi
Ukitazama ramani ya setilaiti ya mionzi ya joto itokayo duniani, utaona maeneo ya mvua ya Ikweta yakitoa kidogo kuliko Sahara. Wengi husema: basi huko ni baridi. Sivyo. Pale setilaiti haioni ardhi; inapima vilele vya mawingu ya mvua, kilomita 12 au zaidi juu, penye baridi kali mno. Mionzi kidogo ni dalili ya hewa inayopanda kwa nguvu. Hewa hiyo hushuka kwenye ukanda wa majangwa, ambako anga kavu huacha joto la ardhi lipite. Kwangu hii ndiyo thamani kubwa ya vipimo hivi, vilivyoanza kukusanywa mfululizo miaka ya 1970: vinaonyesha mzunguko wa Hadley, yaani huko kupanda kwa hewa karibu na Ikweta na kushuka kwake majangwani, bila kupima upepo wenyewe.