Mwisho wa kishale cha hifadhidata katika Python

Programu ya Python ikituma swali la SELECT, yaani la kusoma data, kwenye hifadhidata, hutumia kishale: kitu kinachokumbuka umefikia safu (mstari) ipi ya majibu, na kukukabidhi inayofuata kila unapoiomba kwa `fetchone()`. Kazi iliyobaki ni kujua zimekwisha lini.

Kishale hakikwambii mapema. Ukichukua safu ya mwisho huoni dalili yoyote; ni unapoomba nyingine ndipo unapokea `None`, thamani ya Python yenye maana ya "hakuna kitu". Utaratibu huo umewekwa na PEP 249, waraka unaofuatwa na maktaba za hifadhidata za Python. `fetchall()`, inayochukua safu zote zilizobaki, na `fetchmany()`, inayochukua kadhaa kwa pamoja, zenyewe hurudisha orodha tupu.

Tuseme tunasoma madeni ya wateja wa duka, na `cur` ndicho kishale chetu:

```
cur.execute("SELECT deni FROM wateja")
while (safu := cur.fetchone()) is not None:
    print(safu[0])
```

Alama ya `:=`, inayohifadhi thamani na kuipima papo hapo, inahitaji Python 3.8 au mpya zaidi. Angalia kinachopimwa: ni safu nzima, wala si deni lililo ndani yake. Wengi hufupisha wakaandika `while deni := cur.fetchone()[0]:`, na hapo ndipo hatari ilipo. Akitokea mteja asiyedaiwa, deni lake ni 0, Python huihesabu 0 kuwa si kweli, na kitanzi hukatika. Wateja waliobaki hawaingii kwenye ripoti, na hakuna ujumbe wa kosa wa kukushtua. Asipokuwepo mwenye 0 wala mwenye deni lisilojazwa, programu huanguka kwa kosa la `TypeError` mwishoni, maana `None` haina kipengele cha kwanza. Afadhali hilo la pili, kwa sababu linaonekana.

Deni lililoachwa wazi, yaani NULL, halina utata ukipima safu nzima: huja kama `(None,)`, na mwisho huja kama `None` peke yake.

Usitegemee `rowcount`, sifa ya kishale inayotaja idadi ya safu, kuhesabu zilizobaki. Katika `sqlite3`, maktaba ya Python ya hifadhidata ya SQLite, kwa SELECT hutoa -1, kwani SQLite huzitoa safu moja moja kadiri zinavyoombwa.

Kwa kusoma majibu yote mimi hushauri `for safu in cur:`. Kishale kikiishiwa hutoa ishara ya mwisho, `StopIteration`, na `for` husimama yenyewe. `fetchone()` ibaki kwa swali linalotarajia jibu moja, kama kumtafuta mteja kwa namba yake; hapo `None` ina maana kwamba mteja huyo hayumo.