Watoto wadogo na skrini nyumbani: maswali ya wazazi wa Lamu

Katika nyumba nyingi za Lamu, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Shela na Mokowe, simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa televisheni ya mtoto. Maswali yafuatayo ni ya aina ambayo wazazi huuliza wanapoleta watoto kliniki kupimwa uzani na kuchanjwa. Majibu yanahusu zaidi kuchagua cha kutazama kuliko kuhesabu dakika, ingawa dakika nazo zina mahali pake.

Mtoto aanze kutazama akiwa na umri gani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Kwa mujibu wake, mtoto ambaye hajafikisha mwaka hafai kuwekewa skrini, na mwenye mwaka mmoja vivyo hivyo. Kuanzia miaka 2 hadi 4 muda usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua hapo ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unataka mtoto wa miaka 3 au 4 alale kwa saa 10 hadi 13 kwa siku, na ajishughulishe kwa viungo kwa jumla ya dakika 180. Nambari hizo zisomwe pamoja, kwa sababu hasara kubwa ya skrini katika umri huu ni yale inayoyachukulia nafasi: usingizi, mbio za vichochoroni na mazungumzo.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu huduwaa akitazama katuni. Kweli hajifunzi kitu?

Kuduwaa si kujifunza. Rangi, mwendo na sauti zinazobadilika humshika mtoto macho hata pale ambapo hakuna anachokielewa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliocheza na mzungumzaji akiwa mbele yao walipata kutambua sauti za lugha hiyo, lakini wale waliowekewa wazungumzaji hao hao kwa njia ya video hawakupata faida hiyo.

Yeyote aliyewahi kumsimulia mtoto hadithi ataielewa sababu. Bibi akisema "Paukwa!" hungoja. Mtoto akichelewa humtazama usoni na kurudia, na mtoto akitoa "Pakawa!" hata kwa matamshi yasiyotimia, bibi hufurahi na hadithi ikaendelea. Hapo mtoto amejua kwamba sauti yake ina kazi. Video haingoji, hata ile inayouliza swali huendelea vilevile, mtoto awe amejibu au amenyamaza. Kadiri anavyokaribia miaka 3 ndivyo anavyozidi kuweza kuyatumia aliyoyaona kwenye skrini, na bado hufaidika zaidi akiwa na mtu kando yake wa kumuuliza na kumjibu.

Kipindi kinachofaa nitakitambuaje?

Kitazame mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, kabla mtoto hajakiona. Ushauri huu huonekana mzito kwa mama mwenye watoto watatu na chungu jikoni, lakini kipindi cha mtoto mdogo aghalabu ni kifupi, na ukishakikubali kitatazamwa mara nyingi, kwani watoto hupenda kurudia.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mwendo. Zima sauti uangalie picha peke yake: je, kila picha hudumu kiasi cha mtoto kuona ni nani anafanya nini, au hubadilika kabla hajatambua? Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia walieleza jaribio ambamo watoto wa miaka 4 walitazama katuni ya mwendo wa kasi kwa dakika 9, huku wenzao wakitazama kipindi cha elimu cha mwendo wa polepole au wakichora. Mara tu baada ya hapo, waliotazama katuni ya kasi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya umakini na kujizuia. Utafiti huo haukupima kama athari hiyo hudumu, lakini mzazi ambaye mwanawe huinuka kwenye simu akiwa hashikiki hatashangazwa na matokeo yake.

Jambo la pili ni kisa. Chukua mfano wa video mbili. Katika ya kwanza, mtoto wa mvuvi amepoteza kasia. Anatafuta, anakosa, anamuuliza jirani, analipata chini ya jahazi. Katika ya pili, mikono ya mtu asiyeonekana uso inapasua mayai ya plastiki na kutoa vinyago kimoja baada ya kingine, na muziki haukomi. Ya pili haina tusi wala damu, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huipitisha. Mimi nisingeipitisha: haina mwanzo wala mwisho, haina neno jipya, na mara nyingi ni tangazo la bidhaa, nalo tangazo mtoto wa umri huo hawezi kulitofautisha na kipindi. Baada ya ile ya kwanza, unaweza kumuuliza, "Kasia lilikuwa wapi?" naye akawa na la kusema. Baada ya ya pili hakuna swali la kuuliza.

Lugha nayo ina uzito. Mtoto akitazama kwa lugha inayosemwa nyumbani, maneno aliyoyasikia hukutana naye tena jikoni na barazani. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, hutengeneza katuni za elimu kwa Kiswahili, zikiwemo za watoto wadogo ambao hawajaanza shule ya msingi.

Mapigano na vitisho viepukwe hata vikiwa vya kuchekesha, kwani mtoto wa miaka 3 hana uhakika kwamba lile jitu halitatoka kwenye simu. Aepushwe pia na habari za mashambulizi, ambazo sisi wa Lamu huzipata mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp: mtoto anayeona picha ile ile ikirudiwa huweza kudhani kwamba jambo hilo linatokea upya kila mara.

Video ikiandikwa kuwa ni ya watoto, haitoshi?

Haitoshi. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya hutumia alama za GE, yaani inafaa kwa wote, PG, yaani mzazi aongoze, kisha 16 na 18. Alama hizo huzuia yasiyofaa, lakini hazikwambii kama kipindi kinamfaa mtoto wa miaka 3. Kwenye intaneti hali ni ngumu zaidi kwa kuwa video hufuatana zenyewe, na ile ya nne yaweza kuwa mbali kabisa na ile uliyoichagua. Zima kipengele kinachoanzisha video inayofuata. Bora zaidi, pakua vipindi vitatu au vinne ulivyovikagua, kisha uzime data kabla ya kumpa simu, na bando lako litasalia. Anayetumia YouTube Kids, programu ya YouTube ya watoto, anaweza kuipanga imwonyeshe mtoto zile alizoziidhinisha mzazi peke yake.

Televisheni ya watu wazima ikiwa inaendelea tu sebuleni?

Humgusa mtoto hata asipoitazama. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba inapowaka, mchezo wa mtoto hukatikakatika na wazazi huzungumza naye kidogo zaidi. Ikiwa haitazamwi na mtu, na izimwe.

Je, qasida na mafunzo ya Qur'ani kwenye video nayo huhesabiwa?

Kwa upande wa afya, ndiyo, kwa sababu mtoto ameketi na macho yake yapo kwenye skrini. Yaliyomo ni mema, na njia nyepesi ni kumwekea sauti bila picha, ambayo haihesabiwi kuwa ni muda wa skrini: atasikiliza na kufuatisha huku akicheza.

Na kuzungumza na baba aliye Uarabuni kwa video?

Hilo halina kizuizi kama katuni, hata kwa mtoto mchanga, maana baba humwita, humngoja na kumjibu. Kaa naye umsaidie kuitikia.

Mtoto hali mpaka awekewe simu, na ikizimwa hulia. Nifanyeje?

Mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye simu hukosa kusikia njaa na shibe yake. Anza na mlo mmoja, ule ambao watu wa nyumbani wako pamoja kwenye sinia, simu zote zikiwa mbali, zako zikiwemo. Siku za mwanzo huenda akala kidogo; mtoto mwenye afya atafidia katika milo mingine, ila anayepungua uzani aletwe kliniki.

Kuhusu kilio, dakika hazina maana kwa mtoto huyu. Mwambie kabla hajaanza, "Kipindi kimoja, kisha tunakwenda kuoga," na uzime kikiisha, si katikati. Akilia, mpakate, wala usimrudishie simu, kwa kuwa anayetulizwa kwa simu kila mara hukosa nafasi ya kujifunza kujituliza. Usiku, skrini izimwe angalau saa moja kabla ya kulala, kwani mwanga wake huchelewesha usingizi.

Ni wakati gani mtoto apelekwe akapimwe?

Mpeleke ikiwa ametimiza mwaka na hageuki anapoitwa jina, ana miezi 18 na hana neno hata moja, ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, au, kwa umri wowote, ameyapoteza maneno aliyokuwa nayo. Haijathibitishwa kwamba skrini husababisha usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa mazungumzo na uhusiano wa mtoto na watu, kwa hiyo usikae nyumbani kwa kujilaumu, wala usidhani kwamba kuficha simu kutatosha. Masikio ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuchunguzwa: mweleze mhudumu kama mtoto amewahi kutokwa na usaha masikioni, kama hugeuka ukimwita kutoka nyuma, na hukaa mbele ya skrini kwa muda gani kwa siku.