Kori nne, uzi mmoja: mfumo endeshi unavyogawa kazi kwenye prosesa

Mama mmoja mwenye duka hapa Mwanza mjini aliniletea kompyuta yake. "Fundi, niliambiwa hii ina kori nne. Mbona nikipiga hesabu za mwezi inaganda?" Nikafungua ukurasa unaoonyesha matumizi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: asilimia 25, haipandi wala haishuki. Namba hiyo ndiyo ilikuwa jibu lenyewe.

Kori ni sehemu ya prosesa inayotekeleza maagizo. Ikiwa na kori nne, prosesa hufanya mambo manne kwa wakati mmoja. Lakini kori haijichagulii kazi. Anayegawa ni mfumo endeshi, iwe Windows au Linux, kupitia sehemu yake tunayoweza kuiita mpangaji. Na anachogawa si programu nzima, ni uzi: mfululizo wa maagizo, hili likiisha ndipo lije lile. Programu nyingine ina uzi mmoja tu, nyingine ina makumi.

Nenda Mwaloni, Kirumba, uwatazame wanaopara samaki. Beseni la sato 40 likigawiwa watu wanne, kila mmoja ana kumi, na kazi inakwisha upesi. Sato mmoja je? Hata akizungukwa na visu vinne, sharti aparwe magamba, apasuliwe, atolewe matumbo, ndipo aoshwe. Watatu watakaa wanatazama. Huyo sato mmoja ndiye uzi.

Nyuzi zikiwa nyingi kuliko kori, zinapanga foleni, na kila moja inapewa zamu ya milisekunde chache. Linux ya zamani ilikuwa na foleni moja kwa kori zote. Ni haki, ila kori mbili zikiigusa kwa pamoja zitaivuruga, kwa hiyo kila kori ilibidi iifunge, ichukue kazi, iifungue, huku nyingine zikingoja. Ukiongeza kori, unaongeza kungoja. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, likaipa kila kori foleni yake.

Hapo likazuka jambo ambalo mimi naliona ndilo gumu zaidi. Foleni moja ikijaa na nyingine ikawa tupu, mpangaji huhamisha nyuzi. Kori iliyoishiwa kazi nayo huangalia kwa jirani ikachukua. Lakini kuhama kuna gharama. Kila kori ina kumbukumbu yake ndogo yenye kasi sana, na humo ndimo zimo data ambazo uzi umetoka kuzitumia. Uzi ukihamia kori nyingine, data hizo haziko karibu tena, zinachotwa upya kutoka mbali, na muda unapotea. Ndiyo maana wakati mwingine mpangaji huiacha kori ikae bure kidogo kuliko kuuhamisha uzi uliokwisha kuzoea mahali pake.

Kwenye simu nyingi kuna kori kubwa na ndogo, kwa hiyo mpangaji huangalia na betri: kazi nyepesi hupelekwa kwenye zile ndogo.

Turudi kwa yule mama. Programu yake ya hesabu ni ya zamani, ina uzi mmoja. Kori moja kati ya nne ilikuwa inafanya kazi yote, ndiyo ile asilimia 25. Alikuwa amekwisha kutenga hela ya kompyuta ya kori nane. Nikamwambia, "Mama, tafuta yenye kori zenye kasi zaidi, hata zikiwa nne zilezile. Kwenye hiyo ya nane utaona asilimia 12 na nusu, na itaganda vilevile."