Skrini haifiki tena kwenye runinga baada ya kuhamia Windows 11: anzia kwenye kompyuta

Tangu Microsoft ilipofunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko haya yamekuwa mengi: laptopu ilikuwa inarusha skrini kwenye runinga bila waya, ikapandishwa kwenda Windows 11, na sasa ukibonyeza Windows+K, ama runinga haimo kwenye orodha, ama imo lakini inakwama kwenye "Connecting" hadi inakata tamaa. Wengi huikimbilia runinga. Wanairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, wanapoteza chaneli zote walizotafuta na nywila ya Wi-Fi, na tatizo linabaki palepale. Runinga haikuguswa siku ile. Kilichobadilika ni kompyuta, kwa hiyo mimi huanzia huko na kuiacha runinga iwe ya mwisho.

Tuhakikishe kwanza tunazungumzia kitu kimoja. Windows+K hutumia Miracast, kiwango ambacho Wi-Fi Alliance ilianza kukitolea ithibati mwaka 2012 na ambacho kimo ndani ya Windows tangu toleo la 8.1. Apple TV haielewi Miracast, ina AirPlay yake. Chromecast ya Google nayo haielewi. Huko unarusha kupitia kivinjari cha Chrome, njia tofauti kabisa na yenye matatizo tofauti. Kama kifaa chako ni kimojawapo cha hivyo, hatua zilizo hapa chini hazitakusaidia.

Miracast hufanya kazi hivi. Kompyuta na runinga huunda mtandao wao wawili, bila kupitia rauta. Mtandao huo huitwa Wi-Fi Direct. Kadi ya picha huibana picha ya skrini kwa H.264, kadi ya Wi-Fi huipeleka hewani, runinga huifungua. Kwa hiyo kuna draiva mbili, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuziendesha kadi hizo, ambazo lazima zote zikubali: ya picha na ya Wi-Fi. Unapopandisha toleo, Windows huziangalia draiva zote, na pale inapoona haifai huweka nyingine inayoona inatosha. Inatosha kwa kufungua Word na kuingia intaneti, ndiyo. Kwa Miracast huenda isitoshe, na hakuna tangazo lolote litakalokuambia hivyo.

Iulize kompyuta yenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

netsh wlan show driver

Shuka hadi karibu na mwisho wa majibu, utafute mstari unaoanza na "Wireless Display Supported". Mbele yake kuna Yes au No, kisha majibu mawili madogo: "Graphics Driver" na "Wi-Fi Driver", kila moja na Yes au No yake. Mstari huo mmoja unakuokolea saa nzima ya kubahatisha, kwa sababu unakuambia ni draiva ipi imegoma. Usiguse kitu kingine chochote kabla ya kuusoma.

Graphics Driver ikiwa No, fungua Device Manager, panua "Display adapters". Mara nyingi utakuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter" badala ya jina la Intel, AMD au NVIDIA. Hiyo ni draiva ya dharura: inaonyesha picha, lakini haina uwezo wa kuibana video kwa ajili ya Miracast. Nenda Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates, uone kama draiva ya kadi yako inakusubiri hapo. Haipo? Ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, weka namba ya modeli iliyo kwenye stika ya chini, pakua draiva ya picha. Usichukue draiva kutoka tovuti zinazodai "kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja". Zinaleta takataka nyingi kuliko draiva. Laptopu yenye kadi mbili za picha iangaliwe zote mbili, maana kwa nyingi skrini huendeshwa na ile ndogo ya Intel au AMD iliyo ndani ya prosesa, hata kama umeshasasisha ile kubwa ya NVIDIA.

Hapa niseme jambo kuhusu laptopu za mtumba, ambazo ndizo nyingi maofisini na majumbani kwetu. Windows 11 rasmi inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache. Mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zimeingizwa Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo. Zinafanya kazi, lakini mtengenezaji huenda hajaweka draiva ya Windows 11 kwenye ukurasa wa modeli hiyo. Chukua ile ya Windows 10 ya biti 64 ya modeli hiyohiyo. Kwa kawaida inakubali. Usishuke hadi draiva ya Windows 7.

Sababu ya kuikwepa draiva ya Windows 7 inaonekana ukifika kwa Wi-Fi. Wi-Fi Driver ikiwa No, fungua PowerShell na uandike:

Get-NetAdapter | Select Name, NdisVersion

Miracast inataka namba ya NdisVersion ya kadi ya Wi-Fi iwe 6.30 au zaidi. Draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows 7 huonyesha 6.20, na hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia. Dawa ni draiva mpya. Kama namba inatosha lakini jibu bado ni No, rudi Device Manager, bofya kulia kwenye kadi ya Wi-Fi, Properties, kichupo cha Driver. Ikiwa "Roll Back Driver" inabofyeka, ibofye: draiva ya zamani iliyokuwa inarusha vizuri bado ipo. Ikiwa imefifia, weka ya mtengenezaji. Vijiti vya Wi-Fi vya USB vya bei ndogo ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu Windows huvipa draiva ya jumla isiyo na Wi-Fi Direct.

Sasa tuseme majibu yote ni Yes na bado hairushi. Ukiwa bado ndani ya Device Manager, bofya View, kisha "Show hidden devices", upanue "Network adapters". Panatakiwa kuwa na "Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter", pengine mbili. Angalia aikoni yake kwa makini: ikiwa ina kishale kidogo cheusi kinachoelekea chini, imezimwa. Bofya kulia, Enable device. Zima pia "Mobile hotspot" ya kompyuta kama iko wazi, kwa sababu nayo hutumia adapta hiyohiyo.

Linalofuata ni faiwoli, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu dalili yake inadanganya. Runinga inaonekana kwenye orodha, unaibofya, runinga inaandika jina la kompyuta yako, inasubiri, halafu yote yanafutika. Unaona kama runinga ndiyo imekataa. Kumbe katika Miracast, mkishaunganishwa kwa Wi-Fi Direct, runinga ndiyo inayoipigia kompyuta ili wapatane kuhusu picha na sauti, kwa kawaida kupitia mlango wa TCP 7236. Simu inayoingia kwenye kompyuta ndiyo hasa faiwoli iliyowekwa kuizuia. Baada ya kupandisha toleo, orodha ya walioruhusiwa huweza kubadilika, au antivirusi yenye faiwoli yake ikaanza upya ikiwa kali.

Fungua Control Panel, Windows Defender Firewall, "Allow an app or feature". Bofya "Change settings", shuka hadi "Wireless Display", weka tiki kwenye Private na Public pia. Tiki ya Public wengi huiacha, ilhali Windows mara nyingi huuhesabu mtandao mpya kuwa Public. Hakikisha pia kisanduku cha "Block all incoming connections" hakina tiki. Kikiwa nayo, ruhusa zote ulizotoa hazina nguvu. Kama una antivirusi ya kampuni nyingine, zima faiwoli yake kwa dakika mbili, jaribu kurusha, kisha iwashe. Ikikubali ikiwa imezimwa, umempata mhalifu: iambie iruhusu programu WUDFHost.exe iliyo ndani ya C:\Windows\System32. Usiiache faiwoli imezimwa moja kwa moja kwa ajili ya kurusha skrini.

VPN ya ofisini, ile programu inayokuingiza kwenye mtandao wa ofisi kwa njia iliyofichwa, nayo iangaliwe. Nyingi hufunga njia zote za jirani ili kila kitu kipite kwenye handaki lake, na mtandao mdogo wa wewe na runinga ni jirani. Ikate, rusha, uone.

Vikishapita hivyo vyote, ndipo sasa tuiguse runinga, tena kidogo tu. Kompyuta na runinga zikishaungana mara moja, kila moja huhifadhi kumbukumbu ya mwenzake ili mara nyingine zisianze upya. Upandishaji wa toleo unaweza kuiharibu kumbukumbu upande wa kompyuta huku runinga ikiishikilia ile ya zamani. Zinasalimiana kwa funguo zisizolingana. Kwenye Windows 11 nenda Settings, "Bluetooth & devices", Devices, tafuta jina la runinga, bofya "Remove device". Kwenye runinga tafuta orodha ya vifaa vilivyowahi kuungana. Kwenye Samsung nyingi iko ndani ya mipangilio ya vifaa vya nje, sehemu inayoitwa "Device Connection Manager". Futa jina la kompyuta. Angalia hasa kama limeandikwa Denied: pale runinga ilipouliza "Allow" au "Deny", mtoto au mgeni akibofya Deny, runinga hulishika jibu hilo na haiulizi tena. Kisha zima runinga kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani kwa dakika moja. Rimoti haiizimi kabisa, huilaza tu.

Wanaotumia vile vijiti vya kuchomeka HDMI ili runinga ipokee Miracast, angalieni umeme wake. USB ya runinga ya aina ya 2.0 hutoa miliampia 500, na kijiti kikianza kupokea video huhitaji zaidi, kinazima na kuwaka chenyewe. Kichomeke kwenye chaja ya simu ya volti 5 na ampea 1 au zaidi. Vingi vina kitufe kimoja pembeni kinachobadilisha kati ya Miracast na hali ya iPhone. Kikiguswa bila kukusudia, kompyuta haikioni tena. Kibonyeze hadi skrini iseme Miracast.

Kuna tatizo lingine ambalo si la kukataa kuungana: picha inafika lakini inakatikakatika, au sauti inatangulia midomo. Hapa chanzo ni hewa. Kadi yako ya Wi-Fi ni moja, na inahudumia rauta na runinga kwa zamu. Rauta ikiwa kwenye chaneli 36 ya 5 GHz na runinga kwenye chaneli 6 ya 2.4 GHz, kadi inaruka huku na huko mara nyingi kwa sekunde, na kila mruko ni fremu zinazopotea. Jaribio lake ni rahisi: jitenge na rauta lakini uiache Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha rusha video iliyo kwenye diski. Ikitulia, umejua. Peleka intaneti kwa waya wa LAN, au ihamishe rauta kwenye masafa ambayo runinga inatumia. Kwa wanaopata intaneti kwa hotspot ya simu, na ndio wengi, iunganishe simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Kadi ya Wi-Fi inabaki ya runinga peke yake, na tofauti utaiona mara moja.

Sauti ikibaki kwenye laptopu, bofya aikoni ya spika na uchague runinga kama mahali pa kutolea sauti. Windows haichagui vizuri kila mara. Ikiwa kila kitu kinaonekana isipokuwa filamu za huduma za kulipia, ambazo zinakuwa weusi mtupu, huo ni ulinzi wa HDCP unaozuia filamu kunakiliwa, na draiva mpya ya picha au sasisho la kijiti cha HDMI ndivyo vya kujaribu.

Ukiwa umeweka Windows 11 juu ya Windows 10 na hujapitisha siku 10, ipo njia ya kurudi: Settings, System, Recovery, "Go back". Baada ya siku hizo, faili za zamani hufutwa na kitufe hakifanyi kazi. Kwa kuwa Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, mimi nisingerudi kwa sababu ya kurusha skrini pekee. Ikiwa kadi ya Wi-Fi ndiyo iliyokataa na haina draiva mpya, nunua kijiti cha Wi-Fi cha USB, na kabla ya kulipa muombe muuzaji akichomeke kwenye laptopu yako na uendeshe ile netsh dukani. Ukiona Yes zote tatu, lipa.