Mfuko wa Bunga Unaoisha Bila Faida

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuja ofisini kwetu kuomba mkopo. Anauza bunga ya mahindi. Akasema, "Baba, kila siku nauza, lakini nikirudi kununua mfuko mwingine, makuta haitoshi." Hakuna aliyemwibia. Tulikaa naye tukahesabu.

Mfuko wa kilo 25 aliununua franka 60,000. Ulitoa meka 10, yaani vipimo vya kuuzia, kila meka akauza 7,000. Zote zikilipwa, anapata 70,000, faida 10,000. Lakini meka moja ilipikwa nyumbani, na nyingine jirani aliichukua kwa deni. Nane zilizobaki zilileta 56,000. Faida ilikwisha, na mtaji wenyewe ulimegwa 4,000. Yeye alikuwa ameiona siku hiyo kuwa nzuri, maana wateja hawakukatika.

Sisemi watoto wasile bunga ya mama yao. Nasema mama ajiuzie: akichukua meka, aweke pesa yake kwenye kopo la biashara kama mteja mwingine yeyote. Pesa hiyo itoke kwenye posho aliyojipangia mwenyewe kwa siku, kiasi kilekile, soko liwe limechangamka au limelala. Wiki ya kwanza inauma sana, hasa mchango wa kilio unapokuja ghafla. Ndiyo maana posho ipangwe kwa kipimo cha siku mbaya, si cha siku nzuri.

Halafu daftari. Kila jioni, kabla ya kuwasha moto: kilichoingia, kilichotoka, nani ana deni, ameahidi kulipa siku gani. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa shule aandike, kisha amsomee kwa sauti. Sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika Kongo tangu Septemba 2012, nayo inamtaka mjasiriamali mdogo aliyejiandikisha aandike siku kwa siku pesa inayoingia na inayotoka, na atunze kitabu hicho miaka 5 au zaidi. Kwangu mimi faida ya kwanza ni ya hapa mezani: ukimsomea mdeni tarehe aliyokopa, ubishi unapungua.

Hapa Lubumbashi kuna jambo lingine la kuandika, bei ya dola. Bidhaa nyingi tunazouza zinapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na wauzaji wa jumla wanahesabu kwa dola hata tukilipa kwa franka. Kwa hiyo usipange bei kwa kutazama ulichonunulia jana. Uliza utanunua kesho kwa kiasi gani. Mfuko wa 60,000 ukipanda hadi 66,000, na wewe bado unauza meka 7,000, faida yako ya 10,000 imebaki 4,000, hata kama hakuna aliyekopa.

Likelemba, kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, ni jambo jema, nayo iandikwe katika daftari hilohilo, kwenye ukurasa wake. Shule zinafunguliwa Septemba, basi omba zamu ya Agosti ili ada isitoke kwenye mfuko wa bunga.

Yule mama hatukumpa mkopo siku ile. Tulimpa daftari na kalamu, tukamwomba arudi baada ya mwezi. Aliporudi, ukurasa wa madeni ulikuwa na majina 11. Saba yalikuwa yamepigwa mstari: wamekwisha kulipa.