Kabla hujasema anaogopa kunenepa

Binti mmoja niliyemhudumia wodini alikuwa akisukuma mchuzi kwa ncha ya uma hadi pembeni mwa sahani, taratibu, usije ukagusa viazi. Kwenye faili lake paliandikwa kwamba anachezea chakula ili asile. Nilipomuuliza, alinijibu: "Daktari, vikichanganyika mdomoni siwezi kumeza." Uzito hakuutaja. Tulimpa sahani yenye vigawanyo, akala.

Uhusiano wa usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyohisi mambo na kuhusiana na wengine) na anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda vibaya) haukugunduliwa jana. Christopher Gillberg, daktari wa akili wa watoto wa Uswidi, aliandika kuuhusu tangu 1983. Tafiti nyingi kwenye vituo vya tiba zimekuta kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya wanawake wenye anoreksia wana usonji au dalili zake nyingi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kupimwa usonji, kwa sababu wasichana hujifunza mapema kuigiza wenzao hadi hakuna anayeshtuka.

Kinachowafikisha kwenye anoreksia mara nyingi si kioo. Kwa mmoja ni harufu na ulaini wa chakula, au kelele za vijiko na watu wanaotafuna. Mwingine hasikii njaa kabisa: mikono inatetemeka, kichwa kinazunguka, naye hajui kwamba mwili unadai chakula. Na kuna anayependa namba. Anaanza kuhesabu kalori, siku yake inapata mpangilio, wasiwasi unapungua. Baada ya miezi michache ile hesabu ndiyo inayomwamuru. Huyu akiambiwa tu "jipende ulivyo", maneno hayo hayagusi tatizo lake.

Ila tuwe waangalifu. Njaa yenyewe humfanya mtu aonekane ana usonji. Katika jaribio la Minnesota, Marekani, la 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Wengi walijitenga, wakawaza chakula mchana kutwa na kubuni taratibu za ajabu za kula. Kwa hiyo dalili zilizoanza baada ya kukonda hazinitoshi. Natafuta za utotoni.

Matibabu nayo lazima yabadilike. London, mwanasaikolojia Kate Tchanturia na wenzake walitengeneza mpango uitwao PEACE kwa wagonjwa wenye hali zote mbili: mwanga na kelele za wodi vinapunguzwa, kuna vyakula visivyo na ladha kali, na mgonjwa anaelezwa mapema kitakachofuata. Kumlazimisha ale kila siku kitu kipya, eti ndiyo dalili ya kupona, naliona kosa kubwa. Kwanza ashibe kwa anachokiweza.

Wazazi huwa nawauliza: alipokuwa na miaka minne, alikulaje? Mama mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Akivishwa nguo yenye lebo shingoni alikuwa analia. Na chakula alikuwa hali mpaka kiwe kwenye bakuli lake la bluu." Siku hiyo tukaomba binti yake afanyiwe tathmini ya usonji. Alikuwa na miaka 19.