Bogenvilia yako haina njaa, imeshiba

Juzi tena. Mteja kashusha chungu kwenye bajaji mbele ya kitalu: bogenvilia ina majani mapana ya kijani, matawi yananing'inia mpaka chini, na ua hakuna hata moja. "Kaka, naimwagilia asubuhi na jioni, na samadi ya kuku nimeshaweka. Niongeze nini?"

Dada yangu, usiongeze kitu. Punguza.

Imani hii ya kwamba mmea usiochanua una njaa au kiu imenichosha. Kwa mchicha sawa. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili, Peru na Argentina, na ukiilea kama mchicha itakupa majani kama mchicha. Samadi ya kuku na mbolea ya Urea zimejaa naitrojeni, na naitrojeni inalisha majani. Pita Njiro au Sakina hapa Arusha mwezi wa Januari uangalie zile nyua za barabarani zilivyowaka rangi, vumbi limezijaa. Nani anazimwagilia?

Kwenye nchi zenye majira marefu ya baridi, siku zikifupika mmea huu hupata ishara ya kuchanua. Sisi tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo ishara hiyo ni hafifu mno. Huku kinachousukuma ni ukavu na jua. Ukiumwagilia asubuhi na jioni umeufutia kiangazi chote.

Sasa hapa ndipo wengi wanaponiudhi. Ukimwambia mtu "punguza maji", anapunguza kiasi, hapunguzi siku. Badala ya ndoo anatia kikombe, lakini kila siku. Hiyo ni mbaya kuliko ndoo! Kikombe kinalowesha juu tu. Mizizi ya chini inakauka na kufa, ya juu haionji ukavu hata kidogo, na mmea unakaa hivyo hivyo, haufi wala hauchanui. Ninachotaka ni hiki: mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha achana nao. Usiuguse tena mpaka udongo ukauke kweli. Nyanyua chungu, utausikia wepesi wake.

Majani yakilegea saa saba mchana, usikimbilie maji. Jua la Februari linalegeza kila kitu, hata mimi. Subiri jioni. Yakisimama tena, mmea uko sawa. Jua likishazama na bado yamelala, hapo ndipo unamwagilia, na unamwagilia hasa. Lakini tia kidole kwanza! Mizizi iliyooza kwa maji nayo inalegeza majani vilevile, na ukiona majani yamelala juu ya udongo uliolowa halafu ukaongeza maji, umemaliza kazi.

Na kiu hii ni ya mmea uliokwisha kushika mizizi. Kipandikizi kichanga, au mmea uliohamishwa chungu wiki iliyopita, usiutese. Vilevile vile vikaratasi vya rangi, ndivyo tunavyoviita maua, vikishaanza kujitokeza, rudisha maji ya wastani, la sivyo vitapukutika kabla wageni hawajaviona.

Nikiri jambo moja. Siwezi kuapa kwamba ni ukavu peke yake. Huku kwetu jua kali na ukavu huja pamoja, na nikinyima maji mmea ulioko kibarazani kwenye kivuli, mara nyingi napata mmea mkavu usio na ua. Kwa hiyo jua kwanza: saa tano au sita za jua la moja kwa moja. Najua kibarazani unapendeza. Utoe tu.

Masika, Machi hadi Mei: ondoa visahani, nyanyua chungu juu ya matofali ili matundu yapumue, na ukiweza usogeze chini ya paa upande unaopata jua. Majani yenye madoadoa meusi yaokote na kuyatupa mbali.

Juni hadi Agosti ndiyo inayoleta vilio. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wingu linalala mpaka mchana, udongo wa chunguni haukauki, majani yanageuka manjano na kupukutika. Watu wanaona mmea unakufa, wanauongezea maji na mbolea, na hapo ndipo unakufa kweli. Kwa kawaida umepumzika tu. Kwaruza gome kwa ukucha: kukiwa kijani chini yake, uache. Ndugu zangu wa Moshi mjini mko chini zaidi na kwenye joto zaidi, kwa hiyo msifuate kalenda yangu kichwa kichwa. Chungu chenu kinakauka mapema.

Kupogoa, mimi nafanya Agosti, kabla jua halijarudi, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vaa glavu, miiba ile haina huruma. Mbolea yenye potasiamu, kidogo, jua likishasimama. Chungu kiwe cha kubana. Kikubwa mno kinashika maji na mmea unahangaika na mizizi tu. Ukihamisha, usikung'ute udongo kwenye mizizi, inakatika ovyo.

Na wale mnaorudi kulalamika kwamba nimewauzia ya rangi ya chungwa ikageuka waridi: aina nyingi za chungwa hufanya hivyo maua yakizeeka. Subiri mkupuo unaofuata, itatoka chungwa tena. Pesa sirudishi.